Mwalimu wa Vizuizi na Zamu ya Maji

Kurwa alirudi saa tatu asubuhi, jembe begani, na jembe lenyewe lilikuwa kavu. Mwalimu Ernesta alikuwa kibarazani anachambua maharage ya kuchanganya kwenye makande. Alilitazama jembe kwanza, kisha akamtazama mwenye jembe.

"Mbona mapema? Matope yamekwisha?"

"Yapo tele, mwalimu. Mimi ndiye niliyekataliwa." Kurwa aliketi kwenye ngazi akavua kofia. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, kibarua anayesifiwa Mhezi nzima kwa nguvu zake, na kurudishwa nyumbani mbele ya watu kulikuwa kumemkera. "Wamesema nyumba iliyofutwa hairudi kwa mikono ya kibarua. Atakayemwagilia ndiye akanyage matope."

"Nani kasema hivyo?"

"Mwenyekiti wa maji. Wilbard."

Mwalimu aliweka ungo chini. Jina hilo alilijua tangu lilipokuwa kwenye rejista ya kidato cha pili, na wakati huo mwenye jina alikuwa anaitika kwa shida.

Mtu wa tambarare, aliyezoea kufungua bomba, anaweza kuona hili ni jambo dogo. Si dogo. Mhezi, kijiji cha mlimani, kina mvua zake, lakini kati ya mvua na mvua kuna jua lisilo na aibu, na hapo ndipo watu wanapoitegemea ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe walilochimba mababu juu ya mashamba. Kijito kinaingizwa humo jioni, maji yanalala, asubuhi yanafunguliwa yateremke kwa mfereji hadi kwa mwenye zamu. Kila nyumba ina siku yake. Na kila kiangazi tope lililotuama chini ya ndiva linazolewa kwa msaragambo, yaani kazi ya wote bila malipo. Zamani pembe ndiyo iliyowaita watu, ikapigwa kilimani mpaka mbwa wakabweka. Siku hizi ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp, na mwenyekiti anaweka na picha ya jembe.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa imefutwa kwenye orodha ya zamu. Baba yake, mzee Tumainieli, alipofariki, mlango ulifungwa na hakuna aliyekwenda msaragambo kwa miaka kumi na moja. Ernesta alikuwa Same mjini anafundisha, kisha akastaafu, akabaki kwenye nyumba ya kupanga akidhani Same ndiyo kwake. Mwezi Juni mwaka huu alipanda mlimani na magodoro yake, na kabati la vitabu, na goti la kushoto linalolia kila akishuka ngazi. Akafagia nyumba ya baba yake. Akapanda maharage, kabichi na mstari mmoja wa vitunguu.

Mwanawe, Rodgers, anayeishi Kibaha, hakufurahi hata kidogo. Alitaka mama aende kukaa naye, kwenye chumba kilichopakwa rangi tayari. Walibishana kwenye simu wiki nzima mpaka wakafikia mapatano. Mama akae mlimani hadi mwisho wa Oktoba. Shamba likikubali, Rodgers hatasema tena neno. Likikauka, anakuja kumchukua, na mama hatasema tena neno. Mwalimu Ernesta alikubali, na yeye si mtu wa kula maneno yake.

Sasa ilikuwa wiki ya pili ya Septemba, na majani ya maharage yalikuwa yameanza kugeuka manjano pembeni. Kila asubuhi alibeba ndoo mbili kutoka bombani, moja kwa kila mkono, akipumzika mara nne njiani. Ndoo mbili kwa shamba lile ni sawa na kumpa ng'ombe kijiko cha maji. Hakutaka kwenda Kibaha. Hakuwa na ugomvi na Kibaha, wala na mkwewe, bali kule hakuna mtu ambaye angemtazama akaona mtoto wa Tumainieli. Angekuwa bibi wa watoto fulani, basi.

Ndiyo maana alipoona ujumbe wa msaragambo alimtafuta Kurwa upesi, akamlipa kabla, akamkaangia na mayai mawili. Akaona amefanya jambo la kiungwana. Kwa akili ya mjini alikokaa miaka thelathini na minne, kazi ni kazi na mkono ni mkono.

"Wilbard huyu," alisema, "ananilipizia."

"Analipizia nini?" Kurwa aliuliza.

Mwalimu aliingia jikoni. Alimpa uji, akamwacha anywe.

Ili kuelewa alichokuwa anawaza, inabidi kurudi nyuma kidogo, kwenye mambo ambayo waliosoma kwake Same wanayakumbuka hadi leo na wakikutana stendi wanayacheka. Walimwita Madamu Vizuizi. Wengine walimwita hivyo kwa upendo na wengine kwa kinyongo, lakini wote walimwita hivyo.

Jina hilo lilianzia kwa baba yake, ambaye hakujua neno la Kiingereza zaidi ya "yes". Mzee Tumainieli alikuwa mfungaji wa ndiva. Jioni aliziba, alfajiri alizibua, kisha akafuata maji mferejini kuhakikisha yanafika. Ernesta alipokuwa mdogo alimfuata kabla ya kwenda shule, miguu wazi, umande ukimwuma vidoleni. Maji yakisimama njiani alitumwa mbele akatazame. Siku za mwanzo alikuwa anarudi mbio na kusema, "Baba, maji yamezuiwa!"

Mzee alikuwa hapendi jibu hilo. "Yamezuiwa na nini? Ukisema yamezuiwa tu, mimi nichukue nini mkononi?"

Basi akajifunza kutazama vizuri. Kama ni jiwe limeporomoka katikati, maji yanalizunguka, yanalalamika kidogo, yanapita. Hilo unalijia na mtaimbo ukipata nafasi. Kama ni majani na tope, maji hayajasimama, yamechelewa tu, majani unayatoa kwa mkono huku unatembea. Kama ukingo umeshuka na mfereji umejaa udongo kabisa, hapo hakuna la mtu mmoja, rudi ukaite watu. Na kama ni ubao umesimamishwa wima kwenye mdomo wa mfereji wa shamba la mtu, usiuguse. Huo umewekwa na mtu, kwa sababu. Uliza kwanza ni zamu ya nani.

Miaka mingi baadaye, kwenye chuo cha ualimu, mkufunzi wa Kiingereza aliandika ubaoni maneno manne: obstacle, hindrance, obstruction, barrier. Akawaambia wanachuo waeleze tofauti zake. Darasa zima la watu arobaini liliandika kizuizi, kizuizi, kizuizi, kizuizi. Kamusi ya pekee ya darasa iliwaunga mkono. Ernesta alikuwa ameketi nyuma, msichana mwembamba wa Kipare asiyezungumza sana, na aliyaangalia yale maneno mpaka akasikia harufu ya udongo mbichi. Alinyoosha mkono. Neno moja baada ya jingine, akaeleza jiwe, akaeleza majani, akaeleza ukingo ulioshuka, akaeleza ubao. Aliyasema kwa Kiingereza chake cha kupapasa, akichora mfereji hewani kwa kidole. Alipomaliza, mkufunzi alifungua daftari, akaomba arudie polepole ili aandike.

Siku ile Ernesta alipenda Kiingereza. Kabla ya hapo alikuwa anakiogopa kama watu wote. Aliona kumbe hata hao wenye lugha yao waliwahi kutembea pembeni ya maji wakiulizwa na baba zao wachukue nini mkononi.

Alipopangiwa Same akafundisha hivyo hivyo. Mji ule ni mkavu, hakuna mfereji wa kuonyesha, kwa hiyo alitoa darasa nje. Aliwapeleka vijana barabara kuu wakaone barrier ya geti la ukaguzi wa mbao, na mlinzi wake akajikuta anatumika kufundishia somo bila malipo. Alipanga fito za mianzi juu ya makopo uwanjani ili wajue hurdle ni kiunzi: kipo pale kila mtu anakijua, wote mnakiruka, na baada yake kuna kingine. Siku hiyo madamu alikunja sketi yake ya kitambaa kizito akaruka viunzi vitatu mbele ya kidato cha pili. Cha nne kilimwangusha. Shule nzima ilishangilia, na mwalimu mkuu alimwita ofisini akamuuliza kama ana matatizo nyumbani.

Na kila mwaka, mwezi wa tisa, aliomba lori akawapandisha mlimani waone ndiva ya Mhezi. Mzee Tumainieli, wakati huo nywele zimekwisha kuwa nyeupe, aliwapokea amevaa koti. Waliimba kwenda na kurudi. Watu wazima wa leo, madaktari, maaskari na wauza mitumba, wanakumbuka vumbi la lori lile, na mzee aliyewagawia ndizi za kuchoma akiwasikiliza wakisema maneno asiyoyajua kuhusu mfereji anaoujua. Ernesta alikuwa na furaha siku hizo. Kila akizikumbuka anatamani angejua wakati ule kwamba ndizo siku zake njema.

Lakini katika maneno aliyoyafundisha kulikuwa na jingine, impediment, nalo halikukaa vizuri mferejini. Ni kizuizi kinachomshika mtu mwenyewe, kwenye mguu, kwenye ulimi, au kwenye sheria, kama pingamizi linaloulizwa kanisani kabla ya ndoa. Alitafuta mfano wa karibu. Mbele yake alikaa kijana wa kwao kabisa, wa Mhezi, mwenye akili na kigugumizi. "Kama Wilbard anavyonasa katikati ya neno," alisema. Darasa likacheka. Wilbard akatazama dawati. Mwalimu akaendelea na somo, kwa sababu kipindi kilikuwa kinakwisha, na hakuwahi kulizungumza tena. Lilimkaa moyoni zaidi ya miaka thelathini.

Kwa hiyo jibu alilomnyima Kurwa ndilo hilo.

Mchana ule alijifunga kanga, akashika fimbo, akateremka hadi kwa Wilbard. Alimkuta uani anatengeneza bomba la kupulizia dawa ya kahawa. Alikuwa mzee kijana mwenye kitambi na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu. K-karibu kiti."

"Marahaba. Sikuja kukaa." Akakaa, kwa sababu goti halikumpa hiari. "Wilbard, nimemtuma mtu mwenye nguvu kuliko wewe na mimi tukijumlishwa. Umemrudisha."

"Nimemrudisha, ndiyo."

"Unajua maharage yangu yanakufa?"

"Ninayaona nikipita."

"Na unajua yakifa ninaondoka?"

Hilo Wilbard hakulijua. Aliacha bomba. Mwalimu akamweleza habari ya Rodgers na mwisho wa Oktoba, akaeleza kwa sauti ya kugomba ili isije ikawa sauti ya kulia. Alipofika mwisho alipiga moyo konde akasema lile lililomleta.

"Nilikutia aibu darasani. Nilikutolea mfano mbele ya wenzako. Lilikuwa kosa, nilijua siku ile ile kwamba ni kosa, na sikuja kukuomba radhi kwa sababu nilikuwa mwalimu na wewe mwanafunzi. Ninakuomba sasa. Lakini kama ndilo unalolipiza, nipige mimi, usipige maharage."

Wilbard alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. 

"Nililia siku ile, mwalimu. Nililia kweli, b-bwenini. Sitakudanganya." Akalishika tena bomba. "Lakini neno lile sikulisahau kwenye mtihani. Na radhi nimeipokea. Ila zamu ni kitu kingine. Zamu siwezi mpaka ukanyage matope mwenyewe, misaragambo mitatu."

"Kwa hiyo wewe ni barrier," mwalimu alisema kwa ukali. "Umesimama wima kama ubao."

"Ubao sawa." Wilbard alitabasamu kidogo, tabasamu la mwanafunzi anayejua jibu. "Si ulitufundisha mwenyewe, tukiukuta ubao tusiung'oe, tuulize nani kauweka? Mimi sikuuweka. Nenda kamuulize shangazi yako."

Shangazi Dorkas alikuwa mdogo wa mwisho wa mzee Tumainieli, umri wake ukiwa themanini na kitu, na hicho kitu akikibadilisha kila akiulizwa. Mwalimu alimkuta jikoni anachochea kuni, sufuria likitokota.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu na goti hilo? Basi kuna mtu kakuudhi."

Ernesta alimwambia. Akamuuliza nani aliyeweka sharti kwamba nyumba iliyofutwa hairudi mpaka mwenye nyumba akanyage matope mwenyewe, misaragambo mitatu.

Dorkas aliacha kuchochea. Alimtazama mtoto wa kaka yake kama mtu anayeulizwa jina la kijiji chake mwenyewe.

"Si ni baba yako!"

"Baba?"

"Hukuambiwa? Basi walikuficha kweli. Zamani mtu aliyekosa msaragambo alileta pombe, wazee wanakunywa, mambo yanakwisha. Kaka yangu alipopewa kufunga ndiva akasema pombe haitoi tope. Ukikosa siku mbili bila ugonjwa wala msiba, nyumba yako inafutwa, na kurudi ni kwa miguu yako. Watu wakamwita mkorofi. Wakangoja waone siku itakapomgeukia yeye." Aliinama akapuliza moto, akaendelea bila kumwangalia. "Ikamgeukia. Alikosa siku mbili, moja ya kushuka na moja ya kupanda. Alipofika akachukua ubao wa kuandikia majina ya zamu, akafuta la kwake. Hakuna aliyemwambia afute. Wengine walimkatalia, walisema Tumainieli, safari ile haikuwa matembezi. Akasema si ugonjwa wala si msiba."

"Alikuwa amekwenda wapi?"

"Same," Dorkas alisema. "Alikupeleka wewe shuleni."

Ernesta alikuwa amesimama mlangoni, akashika mwimo. Siku ile aliijua yote. Januari ya mwaka sabini na tatu, yeye na baba yake waliondoka kabla hakujakucha, sanduku la bati kichwani kwa baba, viatu vyake vipya mkononi ili visichakae. Waliteremka na kuteremka, hewa ikazidi kuwa moto, na tambarare ikajitandaza mbele yao nyeupe kwa vumbi. Baba alimnunulia chai na andazi stendi, yeye mwenyewe hakunywa. Getini alimshika bega, akasema asome. Kisha akageuka, na yeye akamtazama mpaka akapotea kwa watu. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wake, na kwa miaka hamsini alidhani ilimgharimu baba yake andazi moja tu.

"Yale mahindi ya vuli," alisema polepole. "Nilipokuja likizo mama alikuwa amekonda. Aliniambia jua lilikuwa kali."

"Jua lilikuwa kali kwa wote. Wenzenu walikuwa na maji." Dorkas alifunika sufuria. "Walikula ndizi za kuombaomba mwaka ule, mama yako na wadogo zako. Wadogo zako wawili walikuwa hai bado. Kaka yangu alikanyaga matope misaragambo mitatu kama mtu yeyote, ndipo akarudisha jina. Alituambia anayemwambia Ernesta ataona. Alisema ukijua utarudi nyumbani."

Ernesta aliketi kwenye gogo la jikoni akalia. Hakulia kistaarabu. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na shangazi yake alimwachia nafasi, akamega kipande cha kiazi akakipoza kwa pumzi, akampa. Alimlilia mama yake zaidi kuliko baba. Baba alikuwa amechagua mwenyewe, mama alichaguliwa njaa tu, naye akayabeba bila kumtupia binti yake hata neno moja. Alizilia pia zile safari za lori, mzee amevaa koti, anagawa ndizi na kusikiliza vijana wakimweleza kwa Kiingereza ubao ni kitu gani.

Msaragambo uliofuata ulikuwa Jumamosi. Mwalimu Ernesta alipanda na jembe lake, suruali ya zamani ya Rodgers ndani ya gauni, na bandeji gotini. Wanaume waliokuwa ukingoni walimgeukia. Kijana mmoja alianza kusema bibi akae kivulini apige hesabu ya makarai. Wilbard akamkata, akasema aliye kwenye msaragambo yuko kwenye msaragambo.

Tope la ndiva ni zito, jeusi, baridi hata mchana, na linanuka majani ya mwaka mzima. Lilimmeza mguu wa kulia hadi nusu ya muundi, kisha wa kushoto, na goti likampigia kelele ya kwanza. Alijaza karai, akampa aliye juu yake, akajaza jingine. Walijipanga mstari kutoka chini hadi ukingoni, karai likipita mkono kwa mkono, na baada ya muda wimbo ukaanza, wimbo wa Kichasu, lugha yao ya Kipare, aliokuwa amesahau kuwa anaujua. Mdomo uliukumbuka kabla ya kichwa. Saa sita alitolewa kwa kushikwa mikono miwili kama gunia, na watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Usiku ule goti lilivimba. Alilikanda kwa maji ya chumvi, akalitukana, akalala.

Jumamosi ya pili alikwenda akichechemea. Dorkas alimwambia inatosha, marehemu ameona. Ernesta akamjibu kwamba hafanyi ya marehemu, anafanya ya maharage, na hiyo ilikuwa kweli nusu. Kurwa alimsindikiza na kusimama ukingoni, mikono ikimwasha kwa kutofanya kitu, kisha akaingia mstarini kwa hiari yake, ingawa nyumba yake ilikuwa imekwisha kutoa mtu.

Jumamosi ya tatu mvua ndogo ilinyesha, utelezi ukawa wa kufa mtu, na karai la mwisho lilipotoka ilionekana sakafu ya mawe waliyoipanga mababu, safi, haijaonwa tangu kiangazi kilichopita. Wilbard alisimama juu yake na daftari. Alisoma zamu mpya za kiangazi kuanzia Jumatatu, akichukua muda wake kwa kila jina, na hakuna aliyemharakisha. Ernesta alikuwa ameketi ukingoni, matope hadi kiunoni. Alikuwa anangoja kusikia "nyumba ya Tumainieli", kwa sababu ndivyo ilivyosomwa tangu azaliwe.

"Jumatano," Wilbard alisoma, "nyumba ya Ernesta."

Hakuna aliyepiga makofi. Jina liliandikwa, likafuata la Alhamisi. Mwanamke aliyekaa karibu naye alimsogezea chupa ya maji anawe mikono.

Simu iliita akiwa njiani kurudi. Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, akaishika kwa vidole viwili visivyo na tope. Alikuwa Rodgers. Alisema amesikia kwa watu kwamba mama anaingia kwenye matope na goti lile, na kwamba sasa yatosha, haiwezekani kungoja mwisho wa Oktoba. Ameongea na rafiki yake mwenye gari, litakuwa Same, litapanda hadi mlangoni. Mama afunge vitu vidogo tu, vingine vitafuata.

"Lini?" mwalimu aliuliza.

"Jumatano, mama."

Mwalimu Ernesta alisimama kupumzisha goti. Chini yake shamba lilionekana, mistari ya maharage yenye manjano pembeni, kabichi zimejikunja, na mfereji mkavu ukipita juu yake.

"Jumatano siwezi, baba," alisema. "Jumatano nina maji."